Barua ya wazi kuhusu vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Oktoba 2024

Waheshimiwa,

Mwezi huu inatimia miaka mitano tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania, tarehe 23 Oktoba 2019, ilipoitupa rufaa ya Serikali na kuthibitisha kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, vinapingana na Katiba yetu. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu ilikwisha kusema hivyo hivyo katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ikatoa muda wa mwaka mmoja ili umri wa kuolewa na kuoa uwe miaka 18 kwa wote. Hadi ninapoandika barua hii, kitabu cha sheria bado kinasema kwamba mvulana hataoa kabla ya miaka 18, bali msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, na mahakama inaweza kuruhusu hata ndoa ya mwenye miaka 14. Ninawaandikia kwa heshima nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niliyefundisha kwa miaka 34 katika Kanda ya Ziwa, na jambo ninalotaka kulijadili nanyi ni hoja moja tu ambayo nimeisikia ikitolewa kila mara suala hili linapoahirishwa: kwamba jamii haijawa tayari, na kwamba kuharakisha mabadiliko kutavuruga utulivu wa familia, dini na mila zetu.

Hoja hiyo siidharau. Nimeishi vijijini maisha yangu yote ya kazi, na ninajua kwamba ndoa kijijini si mkataba wa watu wawili pekee. Ni kiungo cha koo mbili, ni ng'ombe waliotoka boma moja kwenda lingine, ni wazee walioketi siku nzima wakisemezana, ni deni na dhamana ambazo hudumu vizazi viwili au vitatu. Anayetaka kugusa jambo kama hilo lazima aliguse kwa mkono mwangalifu. Lakini nimeshuhudia pia kile kinachotokea chini, kwenye kata na vitongoji, pale sheria mbili zinapoachwa zikivutana kwa miaka mingi, na naomba nieleze tukio moja kabla sijaendelea.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Katika rejista yangu kulikuwa na msichana mmoja ambaye jina lake sitaliandika, aliyekuwa na mazoea ya kuandika namba saba kwa kistari katikati, na ambaye mara nyingi nilimpa chaki aende ubaoni kuwaonyesha wenzake namna ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kwenye mtihani wa majaribio aliongoza darasa. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, jina lake halikuwemo miongoni mwa waliofaulu. Nilimtafuta hadi kwao, nikamkuta nyuma ya nyumba akipepeta mtama, na nilipomuuliza kulikoni alijibu bila kuniangalia usoni: «Niliambiwa niweke kivuli kwenye majibu yasiyo sahihi.» Mshenga alikuwa amekwisha kuja. Mahari ilikuwa ng'ombe kumi na wawili, nao walikuwa wamekwisha kupangiwa kazi, kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa ameposa mwaka uliotangulia na upande wa mwanamke ulikuwa umeanza kukosa subira.

Baba yake hakuwa mtu mkatili. Alinikaribisha, akaniletea kigoda kivulini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ukame ulikuwa umemmalizia mifugo na kwamba binti aliyemaliza la saba na kukaa nyumbani ni hatari inayosubiri siku yake. Nilikwenda kwenye ofisi ya kata. Mtendaji alinisikiliza vizuri, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: «Mwalimu, angekuwa bado mwanafunzi ningemkamata mzee leo hii. Ila amemaliza shule, ana miaka kumi na tano, na baba yake ameridhia. Nimshitaki kwa sheria gani?»

Waheshimiwa, naomba mlitafakari swali la mtendaji yule, kwa maana hakuwa anakwepa wajibu. Alikuwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto. Alikuwa na Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016, inayotoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na juu ya meza ile ile alikuwa na Sheria ya Ndoa inayomruhusu mzee kumwoza binti huyo huyo, siku chache tu baada ya jina lake kutoka kwenye rejista ya shule. Kati ya mtihani wa Septemba na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza mwezi Januari kuna miezi mitatu na ushei ambayo msichana si mwanafunzi wa popote, na katika mwanya huo ndimo ndoa nyingi nilizoziona zilipofungwa. Wazazi waliujua mwanya huo kuliko sisi walimu. Mtoto anayeagizwa aharibu mtihani wake mwenyewe anaagizwa hivyo kwa sababu wakubwa wake wameisoma sheria yetu na kuielewa sawasawa.

Hali ya namna hiyo siwezi kuiita utulivu, kwani pale mwalimu anavutana na mzazi, mtendaji anavutana na polisi wa dawati la jinsia, na kila mmoja ana kifungu cha kumwonyesha mwenzake. Kijiji hakijui ni lipi linaruhusiwa, na wasipojua, mambo huamuliwa na mwenye ng'ombe wengi au mwenye ndugu katika ofisi fulani.

Ninayo sababu nyingine ya kuamini kwamba mabadiliko haya yanaweza kufanyika bila kuvunja nyumba, nayo ni historia ya sheria yenyewe. Wengi wetu tumezoea kuitaja Sheria ya Ndoa ya 1971 kama kitu cha kale kinacholinda mila, ilhali ilipotungwa ilikuwa mojawapo ya mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyowahi kuingia katika nyumba za Watanzania Bara. Kabla yake, Mkristo, Mwislamu, Mhindu na mtu wa kimila kila mmoja alifuata utaratibu wake. Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wa 1969 wenye mapendekezo, wananchi wakajadili, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Ndani yake waasisi walifanya kazi ambayo mimi, kila ninapoirudia, inanijaza heshima. Hawakufuta ndoa za mitala, bali walitambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, wakaweka utaratibu wa kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa ridhaa ya wote wawili. Hawakufuta mahari, walisema tu kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Hawakumzuia sheikh wala padri kufungisha ndoa. Lakini papo hapo waliandika, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na katika kifungu cha 68 kwamba mjane ana uhuru wa kukaa anapotaka na kuolewa na amtakaye, jambo ambalo katika jamii zenye desturi ya kurithi wajane lilikuwa zito sana wakati ule.

Fundi anayebadilisha nguzo iliyoliwa na mchwa hutegemeza paa kwanza, akachomeka nguzo mpya, kisha akaondoa ile mbovu, na wenye nyumba wakalala humo humo usiku ule. Ndivyo walivyofanya wazee wetu mwaka 1971. Umri wa miaka 15 waliouweka nao ulikuwa nguzo mpya kwa wakati wake, kwa sababu mila nyingi na tafsiri nyingi za dini zilikuwa zikitazama kuvunja ungo tu, si idadi ya miaka. Kwa hiyo viongozi wetu wa dini wanaosema leo kwamba Serikali haina mamlaka ya kuweka umri juu ya baleghe wanaibua upya suala lililoamuliwa miaka 53 iliyopita, na ambalo misikiti na makanisa yetu yameishi nalo muda wote huo bila imani ya mtu yeyote kudhoofika. Dola imekuwa ikiweka umri tangu 1971, na lililobaki ni kuuliza kama umri uliowekwa wakati ule, shule zilipokuwa chache na watoto wengi hawakufika hata darasa la nne, bado unafaa katika nchi ambayo tangu 2016 inatoa elimu bila ada hadi kidato cha nne. Msichana anayemaliza kidato cha nne bila kurudia darasa huwa na miaka 17 au 18. Sheria inayomruhusu aolewe akiwa na miaka 15 inakata katikati kile ambacho bajeti ya Serikali hiyo hiyo imekigharamia.

Mbele ya Mahakama ya Rufani, upande wa Serikali ulieleza kwamba tofauti ya umri kati ya msichana na mvulana ilikuwa maafikiano yaliyozingatia mila, desturi na dini. Ni kweli yalikuwa maafikiano. Lakini maafikiano hufanywa na watu wa wakati fulani kwa ajili ya hali ya wakati huo, na nguvu yake hutokana na kwamba yanaweza kuketiwa tena. Majaji hawakudharau mila katika hukumu yao. Walisema kwamba kifungu kinachomtendea msichana tofauti na mvulana katika jambo zito kama hili hakiwezi kusimama mbele ya usawa ambao Katiba inauahidi katika ibara ya 13. Ibara hiyo nayo ni sehemu ya utulivu wetu. Mwananchi wa kawaida akiona kwamba hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini inaweza kukaa miaka mitano bila kutekelezwa, atajifunza nini kuhusu hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linalomtaka arudishe shamba la jirani?

Najua kwamba mmekuwa mkisema mnakusanya maoni zaidi. Kukusanya maoni ni jambo jema, na sitaki lionekane kuwa kosa. Lakini naomba tuukumbuke mwaka 1991, wakati Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuingie katika vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume, pamoja na kuyajua hayo, ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akaunga mkono mwelekeo huo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Viongozi wa wakati ule waliona kwamba asilimia 20 waliobaki walikuwa na haki ambayo haingeweza kusubiri hadi wawe wengi, na kwamba ni salama zaidi kwa taifa kufungua mlango likiwa na amani kuliko kusukumwa kuufungua. Nchi haikuvurugika kwa uamuzi huo. Sasa, ikiwa jambo kubwa kama mfumo mzima wa siasa liliamuliwa kwa kutazama mbele badala ya kuhesabu vichwa, mbona umri wa msichana kuolewa uongojee hadi mzazi wa mwisho aridhike? Na hao wasichana wa miaka 14 na 15, ambao ndio wenye kuguswa, ni wangapi waliowahi kuulizwa katika mikutano hiyo ya maoni? Waasisi walijadili na kutunga sheria nzima ya ndoa kati ya 1969 na 1971. Sisi tumetumia miaka minane kwa vifungu viwili.

Sisemi kwamba haraka peke yake ni busara. Kizazi changu kinakumbuka Operesheni Vijiji, hasa kuanzia mwishoni mwa 1973, kuhamia katika vijiji vya ujamaa kulipofanywa amri. Nilikuwa mtoto, na ninakumbuka watu wakiondolewa kwenye mashamba yenye mihogo iliyokuwa bado ardhini. Nia ya kuwakusanya watu karibu na shule, zahanati na maji ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe nilisoma kwa sababu ya shule iliyojengwa kwenye kijiji kile. Lakini mabadiliko yaliyokuja kwa lori na askari yaliacha majeraha ambayo wazee waliyasimulia hadi kufa kwao, na mengi kati ya yale yaliyojengwa hayakudumu kwa sababu watu hawakuyaona kuwa yao. Kwa hiyo ninapoomba sheria ibadilishwe siombi msako wa usiku katika maboma ya watu, wala siombi akina mama walioolewa wakiwa na miaka 15 waambiwe leo kwamba hawakuwa na ndoa.

Hofu iliyo nzito kuliko zote, na ambayo wazazi wengi huisema kwa unyoofu, ni aibu ya binti kuzalia nyumbani. «Bora aolewe,» huniambia, na nyuma ya neno hilo kuna uchungu wa kweli wa mzazi anayemwona mwanawe akichekwa kisimani. Miaka ya nyuma sikuwa na jibu zuri, kwa sababu msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na hakuruhusiwa kurudi, na mzazi alikuwa akichagua kati ya ndoa na ukuta. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango ili warudi darasani baada ya kujifungua. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa, ulipingwa kwa maneno makali wakati ule, na leo shule zinaendelea na kazi zake kama kawaida. Mzazi sasa anayo njia ya tatu, ila kitabu cha sheria bado kinamwelekeza kwenye ile ya zamani.

Wako wanaosema pia kwamba sheria itapuuzwa, ndoa zitafungwa kwa siri. Baadhi zitafungwa, sikatai. Hata kifungu cha 66 hakikukomesha vipigo. Hata hivyo kilimpa mwanamke mahali pa kusimama alipokwenda mbele ya baraza, na kwa msingi wa sheria hiyo hiyo Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Mtendaji wangu wa mwaka 2017 alikuwa tayari kusimama upande wa mtoto, akakosa pa kukanyaga.

Majirani zetu wamelipita daraja hili. Kenya, katika Sheria ya Ndoa ya 2014, iliweka miaka 18 kwa wote huku ikiendelea kuzitambua ndoa za kimila na za Kiislamu. Malawi iliweka umri huo huo mwaka 2015 na kurekebisha Katiba yake mwaka 2017, na huko aliyevuma kwa kuvunja ndoa za watoto kwa mamia hakuwa hakimu wala mgeni kutoka mjini, bali chifu, Theresa Kachindamoto wa Dedza, aliyetumia mamlaka ya mila yenyewe, na aliyewasimamisha kazi wazee wa vijiji walioruhusu ndoa hizo. Sisi tulifuta mamlaka ya machifu kisheria mwaka 1963, lakini wazee wa mila, watemi na makungwi bado wanasikilizwa kuliko mabango ya barabarani. Kungwi anayemfunda mwali ana nafasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo darasani. Akiambiwa mapema, kwa heshima, na kwa lugha yake, kwamba mafunzo yanabaki na umri wa kuolewa ndio unaosogezwa, atalibeba neno hilo hadi ndani ya nyumba.

Ninachoomba katika muswada ni kidogo. Kifungu cha 13 kisomeke miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke, bila ruhusa ya pembeni ya mahakama, na kifungu cha 17 kinachohitaji ridhaa ya baba kwa binti wa chini ya umri huo kiondoke, kwa kuwa hakitakuwa na wa kumhusu. Kiwepo kifungu cha mpito kinacholinda ndoa zilizokwisha kufungwa kihalali, ili mwanamke asinyang'anywe haki yake katika mali wala watoto wake wasiitwe majina mabaya. Msichana mwenyewe asiadhibiwe kwa lolote. Na kwa kuwa wengi wa mabinti wa vijijini hawana vyeti vya kuzaliwa, na umri wao unaweza kuongezwa kwa kiapo cha mjomba siku moja kabla ya harusi, naomba kanuni ziitambue rejista ya uandikishaji wa shule kuwa ushahidi wa umri. Kitabu hicho huandikwa mtoto akiwa na miaka sita au saba, wakati hakuna mtu mwenye sababu ya kudanganya. Nimekijaza kwa mkono wangu mara nyingi: jina, jina la mzazi, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa. Yule msichana wa namba saba yenye kistari yumo katika kitabu kimojawapo, na mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa kwa wino wa bluu.

Hivi ninapoandika, wasichana waliofanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba wako majumbani, katika ile miezi mitatu niliyoieleza. Baadhi ya washenga wameanza kutembea. Ninaomba muswada uwasilishwe katika Mkutano wa Bunge ulio mbele yetu, na ninaomba wakati huo huo, kabla hata haujapita, maofisa watendaji wa kata waandikiwe waraka wa kuwafahamisha kwamba Mahakama ya Rufani imekwisha kuvitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, ili mwalimu atakayefika ofisini kwao Desemba hii asijibiwe kama nilivyojibiwa mimi.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kanda ya Ziwa